Ramu ya Kuwapokea Wakwe wa Machame

Jumatatu, 14 Desemba 1998

Kaka yangu Wenseslaus ameteremka kutoka Kibosho kuniambia mambo mawili. La kwanza, wakwe wa Machame wanakuja kumposa binti yangu Justina Jumamosi ya tarehe 26, kesho yake ya Noeli. La pili, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, atapika yeye. Kazi yangu ni kutafuta viti.

Viti! Mimi, baba wa binti! Nimemsomesha mpaka akawa nesi, nimemvumilia alipojifunza kupiga gitaa la kwaya ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Siku yake imefika, naambiwa nikaazime viti.

Wenseslaus anasema Kibosho nzima hakuna anayepika mbege kama yeye. Lazima ni kweli. Amelisema tangu mwaka sabini na moja, na hakuna aliyepata nafasi ya kumjibu.

Najua chanzo cha dharau hii. Tangu nipunguzwe kazi kwenye stoo ya kahawa, ukoo unanitazama kama gunia lililotoboka. Halafu ule mradi mdogo wa uyoga. Niliupanda chini ya kitanda, ukaota mwingine ambao sikuupanda. Kosa moja tu! Sasa hata kuku wakichinjwa siulizwi.

Lakini nina siri. Juzi nilikwenda msibani Marangu. Wakati wa kurudi nikaingia hoteli moja ya watalii kuomba choo. Bustanini wamekaa Wazungu waliotoka mlimani, pua zimebabuka kama viazi vya kuchoma. Mkononi glasi ndefu. Barafu ndani, ndimu, na jani la kijani juu. Hawaimbi. Hawagombani. Hakuna anayedai kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba yake. Wanatabasamu tu! Nikamuuliza mhudumu. Akasema ni kokteli ya ramu, akanitajia vitu vyake, nikaviandika kiganjani.

Wakwe watapokelewa kwa kokteli. Wenseslaus na pipa lake watakaa nyuma ya nyumba, pamoja na kuni.

Jumatano, 16 Desemba

Tatizo dogo. Siku ile nilipofika nyumbani chakula kilikuwa tayari, nikanawa mikono.

Nakumbuka hivi: ramu, ndimu, sukari, soda nyeupe, barafu, jani la nanaa. Sikumbuki ndimu ni mbili au kumi na mbili. Nitachukua katikati. Saba.

Leo Sanya Juu, kwa Kornel. Tangu serikali iruhusu kila mtu auze kila kitu, Kornel ameitikia wito huo kuliko raia yeyote. Duka moja: dawa ya kupe, magauni ya harusi, betri, meno ya bandia. Ramu pia anayo. Chupa mbili, zimefungwa vizuri, picha ya meli na mtu mwenye ndevu. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema ng'ambo. Ng'ambo ipi? Akasema ile ya mbali. Mfanyabiashara makini hatoi siri zake.

Pesa sikuwa nayo. Nilikuwa na redio. Redio ni ya mke wangu Theopista, ambaye husikiliza matangazo ya vifo kila siku jioni akitoka kufundisha, akiwa na kalamu mkononi. Nimefikiri kwa upendo nikaona kwamba wiki ya Noeli si vizuri mtu kusikiliza vifo.

Nimemwambia redio iko kwa fundi. Amesema haikuwa mbovu. Nimesema ndiyo wakati mzuri wa kuitengeneza, kabla haijaharibika. Amenitazama muda mrefu. Mwalimu wa darasa la tatu anajua kutazama.

Ijumaa, 18 Desemba

Jaribio la kwanza. Theopista yuko shuleni anapanga vitabu, nyumba ni yangu.

Pale hotelini mhudumu alikuwa na kopo la kutikisia. Mimi ninayo themosi ya chai. Ni kitu kilekile, tena yangu ina maua. Nikatia ramu, ndimu saba, sukari vikombe viwili, soda. Nikafunga kwa nguvu. Nikatikisa kama nilivyoona, juu ya bega, huku natabasamu.

Sasa naelewa kwa nini soda hutiwa mwisho.

Kizibo kilipiga dari, kikarudi, kikampiga Mtakatifu Yosefu kwenye picha ya Familia Takatifu. Kioo chini. Ramu ukutani, kwenye pazia, kwenye masikio yangu. Nilichopata kuonja nilikilamba mkononi. Ladha: dawa ya kikohozi yenye hasira.

Chupa imebaki moja na robo.

Theopista aliporudi alinusa mlangoni. Nilimwambia nilikuwa napaka vanishi. Akauliza napaka vanishi nini. Nikasema viti. Akasema hatuna viti, vya kuazima bado sijaazima. Kweli! Vile viti! Nilikuwa nimevisahau kabisa.

Jumapili, 20 Desemba

Baada ya misa nimetafuta nanaa. Mtaani kwetu, Njoro nzima, hakuna. Jirani yangu Mektrida anasema mama mmoja wa Kihindi mjini anaiotesha kwenye ndoo uani kwake, na ukimwomba anakupa. Niombe jani? Mimi? Mtu aliyewahi kushika funguo za stoo yenye magunia elfu nne?

Hapana. Uani kwangu kuna mvumbasi wa kutosha. Una harufu, ni wa kijani, ni jani. Watu wa Machame watajua tofauti? Kule kwao jani wanalolijua ni la mgomba.

Barafu nayo imepatikana. Mektrida ana friji kubwa, anauza samaki wa Mwanza. Amekubali kunigandishia maji kwenye vifuko. Nilimuuliza kama vifuko vitakaa mbali na sangara. Akasema friji ni moja, baba, hatukuijengea vyumba.

Jumanne, 22 Desemba

Siku mbaya.

Nilikuwa na jaribio la tatu mezani (la pili silizungumzii, paka amepona) wakati Wenseslaus alipoingia bila kubisha hodi. Amekuja mjini kununua ulezi. Alikuta glasi, barafu, majani, na mimi nimefunga taulo kiunoni kama mhudumu. Akauliza naumwa nini.

Nikamweleza kwa utulivu. Dunia imebadilika, kaka. Soko huria. Mbege ni nzuri kwa wenyeji, lakini hawa ni wageni wa heshima. Akaonja. Akatafuna kidogo, ingawa ni kinywaji. Akasema kinywaji kinachofunikwa jani juu kina aibu chini.

Halafu, mbele ya Theopista, akauliza kwa nini redio ya shemeji yake inapiga nyimbo za kwaya dukani kwa Kornel, Sanya Juu. Aliiona jana. Ameitambua kwa utepe wa bluu ambao Theopista aliufunga kwenye mshikio.

Theopista akaacha kukoroga.

Nikasema Kornel ndiye fundi. Wenseslaus akasema Kornel ameiandika bei.

Theopista hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alifunika sufuria, akachukua rozari, akaketi nje akinipa mgongo. Tangu saa tisa mchana mpaka naandika hapa hajasema neno. Nimempelekea glasi ya jaribio la tatu kama ishara ya amani. Amemwagilia nayo mchicha.

Alhamisi, 24 Desemba

Leo amesema. Na alichosema kimenitia jasho.

Kwanza, redio imerudi. Wenseslaus alipanda mwenyewe mpaka Sanya Juu, akaikomboa kwa debe la mbege. Kwa hiyo sasa yeye ndiye mwema wa ukoo, na mimi ni yule aliyeuza vifo vya watu.

Pili, Theopista ameniuliza kama nimesahau anayekuja. Mzee Ebenezeri, baba wa Praygod mchumba wa Justina, ni mzee wa kanisa. Mlutheri wa Machame, wa kweli, wa kuanzia babu. Hajagusa pombe maisha yake yote ya ndoa. Amesema waziwazi kwamba mwanawe kuoa Mkatoliki ni jambo analoliombea, na alivyolisema haikujulikana anaomba litimie au lishindikane. Wajomba wawili wa Praygod tayari hawalitaki. Theopista amesema: wape sababu moja tu, Baba Justina, moja tu, na mtoto wako atarudi wodini Jumatatu bila mchumba.

Baadaye Justina mwenyewe amefika kutoka kazini. Alinishika mkono. Hakunikataza. Alisema tu, baba, Praygod ni mtu mzuri, naomba siku hiyo iwe ya kawaida. Ya kawaida! Nilitaka kumwambia kwamba baba yake amekuwa wa kawaida kwa miaka hamsini na mitatu na hakuna kilichotokea. Sikusema. Macho yake yalikuwa kama ya siku ile ya kwanza ya shule.

Nimefikiri sana. Mtu mwoga angeacha. Mimi nimeboresha. Kutakuwa na majagi mawili! Moja la kokteli kamili, kwa watu wa Kibosho. Moja la ndimu tupu, kwa Walutheri. Na hayatachanganywa: la ramu litakuwa na jani, la ndimu halitakuwa na jani. Rahisi kama alama za barabarani.

Noeli njema kwangu.

Jumamosi, 26 Desemba

Naandika jioni.

Walifika saa tano, magari mawili. Mzee Ebenezeri, mrefu, suti nyeusi, miwani. Mkewe, Mama Esther, kiongozi wa kwaya, sauti ya kutikisa madirisha hata akiuliza maji yako wapi. Praygod na tai. Wajomba wawili wenye nyuso za watu waliokuja kuhakikisha. Upande wetu: Wenseslaus na wazee wanne wa Kibosho, tayari wamekaa karibu na pipa. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Viti vilitosha, kasoro kimoja. Cha kwangu.

Nikaingia jikoni kuchukua majagi. Yote mawili yana majani!

Mektrida, aliyekuja kusaidia kupika mtori wa ndizi, alikuwa ameliona moja liko uchi, akalihurumia. Alilipamba. Akasema sasa yanafanana, yanapendeza.

Nikaonja la kwanza. Samaki. Nikaonja la pili. Samaki. Nikarudia la kwanza. Samaki na ndimu. Wiki nzima ya majaribio imeua ulimi wangu, na kile kilichosalia kimeuawa na sangara. Nje Mama Esther alikuwa anauliza kama kuna kinywaji, jua ni kali. Theopista ananiita kwa sauti tamu, ile anayoitumia wageni wakiwepo.

Nusu kwa nusu, nikajiambia. Hata penalti ni hivyo. Nikachagua jagi la kushoto.

Mzee Ebenezeri alipokea glasi kwa mikono miwili, kwa heshima. Akaomba tusali kwanza. Ilikuwa sala ndefu, imara, isiyoacha mtu nyuma. Ilianza na wagonjwa, ikapita kwa wasafiri, ikafika serikalini. Mimi nilisali ya kwangu pembeni, fupi zaidi. Amina. Akainua glasi mpaka mdomoni.

Hakunywa. Alisimama hapo. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

"Mkwe," akasema. "Ramu yenyewe ni nzuri."

Nilisikia kijiko cha Mektrida kikianguka jikoni. Justina akainamisha kichwa. Wajomba wawili wakatazamana kwa furaha ya watu waliosema toka mwanzo.

"Ila barafu imelala na samaki," mzee akaendelea, kwa upole kabisa. "Na hili jani, sisi Machame tunafukuzia mbu."

Nilifungua mdomo niombe msamaha, na nadhani ningelia. Sikupata nafasi. Mama Esther alikuwa amegeuka, taratibu, kiti chote kikigeuka naye. Hakuwa ananitazama mimi.

"Baba Praygod. Wewe umeijuaje ramu?"

Mzee aliweka glasi chini. Akavua miwani. Angesema amehisi tu, ningeapa pamoja naye. Angesema alisoma gazetini, ningelitafuta gazeti. Lakini kumbe mzee wa kanisa, akibanwa, hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye ukweli.

"Kabla sijakuoa," akasema, "nilifanya kazi klabu ya walowezi. Miaka kumi na mmoja. Kaunta."

"Uliniambia ulikuwa karani."

"Niliogopa baba yako."

"Barua zako ziliandika unashika kalamu!"

"Niliishika, Mama Praygod. Nilikuwa naandika nani amekunywa nini."

Mjomba mmoja alitaka kusema kitu, akaona uso wa Mama Esther, akakimeza. Mimi nilisimama na jagi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Niliwaza: posa imekufa, ndoa yao ya miaka thelathini na minne nayo imekufa, na yote yamefanyika sebuleni kwangu, chini ya Mtakatifu Yosefu asiye na kioo.

"Miaka thelathini na minne," Mama Esther akasema. Sauti ilianzia chini kama wimbo wa mazishi. "Kila Krismasi nakamua maembe peke yangu. Kila kipaimara. Ubatizo wa watoto sita! Mikono inauma, na wewe umekaa unasoma gazeti. Kumbe kazi unaijua!" Akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Simama. Ukakoroge."

Wa kwanza kucheka alikuwa Theopista. Mke wangu, ambaye tangu Jumanne hakunionyesha hata jino moja, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha Justina. Kisha wazee wa Kibosho, wote kwa pamoja. Mzee Ebenezeri akavua koti.

Sijaona kitu kama kile. Alimwaga majagi yangu yote mawili bila kuuliza. Akamtuma Praygod na gari kuleta barafu safi. Mektrida akamwelekeza kwa yule mama wa Kihindi. Kijana akarudi na nanaa shada zima, na salamu za pongezi, na sambusa. Kumbe mtu unaomba tu.

Mzee akakunja mikono ya shati. Sukari kidogo, ndimu nusu, majani machache ya nanaa yakibonyezwa kwa mpini wa mwiko, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Barafu. Kisha ramu, kipimo alichokikadiria kwa jicho, kwa ajili ya watu wa Kibosho. Soda mwisho. Soda mwisho! Kwa watu wake akafanya vilevile, akaiacha ramu na kuweka tangawizi. Hakuionja hata moja. Hakuhitaji. Vidole vilikuwa vinakumbuka vyenyewe, na uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini aliyeficha kitu muda mrefu na sasa ameruhusiwa kukitoa.

Mama Esther alikunywa ya tangawizi. Akamnyooshea glasi aongeze. Nilimwona mzee akiipokea, na jinsi alivyoipokea nikageuza macho, maana haikuwa yangu kuona.

Wenseslaus alikunywa ya ramu, ya kwanza kwa kunihurumia. Ya pili hakusema kwa nini. Ya tatu alimwita Mzee Ebenezeri shemeji, kisha mwalimu. Halafu akamletea kata ya mbege aishike tu, kwa heshima, na mzee akaishika, akanusa, akasema ulezi umechipuzwa vizuri ila msesewe, lile gome la kutia uchungu, umezidi kidogo. Wenseslaus! Ameambiwa msesewe umezidi! Mbele ya wazee! Na amekubali!

Wajomba wawili walijaribu kurudi kwenye suala la madhehebu. Mama Esther akawauliza kama na wao wana kitu cha kuungama leo, maana siku ni nzuri. Wakala ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma.

Posa imekubaliwa. Harusi Aprili, baada ya Pasaka. Justina alinikumbatia, akasema asante baba. Sikumuuliza asante ya nini. Mtu asichunguze sana zawadi.

Jumatatu, 28 Desemba

Nimetafakari kwa siku mbili na nimefika kwenye ukweli: mpango wangu ulifaulu.

Tuchukue mambo yalivyo. Ningetii, ningeazima viti na kukaa kimya, Mzee Ebenezeri angekunywa soda yake na kurudi Machame na siri yake. Wajomba wangezungumza. Posa ingekwama. Ni ile ramu iliyofungua mlango. Ni lile jani la mvumbasi lililomfanya mzee wa watu ashindwe kuvumilia. Nani aliyeliweka? Nimemweleza Theopista haya yote wakati wa chai. Amenisikiliza, akaongeza sauti ya redio. Kuna mtu amefariki Rombo.

Jana Praygod alikuja kusalimia. Kwa adabu sana amesema wazazi wake wanaomba suala la vinywaji siku ya harusi waachiwe wao. Justina akaitikia haraka. Theopista akaitikia haraka zaidi. Wenseslaus, aliyekuwepo bila kualikwa, amesema mbege atapika yeye kwa maelekezo ya mkwe, na akaniambia nisijali, safari hii hata viti vitakodiwa.

Nimekubali bila kinyongo. Mtu mkubwa anajua wakati wa kuacha jambo. Vinywaji, basi! Nimeacha. Nimeapa mbele ya mke wangu na sitarudi nyuma.

Nitafanya keki.

Hawajui bado. Nimeona picha ya moja kwenye kalenda ya saluni, ghorofa saba, ina chemchemi ya maji katikati na njiwa wawili wanaoruka mtu akikata. Wa dukani wanafanya ugumu usio na sababu. Ni unga, mayai na moto. Oveni sina, lakini nina pipa, na pipa ukililaza na kuweka makaa juu na chini, joto linajizungusha lenyewe, ni fizikia tu. Mektrida anafuga njiwa. Nimempelekea habari asubuhi hii. Amenifungia mlango, nadhani kuna upepo.

Miezi mitatu na nusu. Muda tele. Kesho naanza na ghorofa ya juu.